Ua Halisemi Peke Yake

Asubuhi ya tarehe 14 Februari mwaka huu nilisimama katika kituo cha matatu mjini Kitengela, kando ya barabara iendayo Namanga, nikisubiri gari la kunipeleka kazini Nairobi. Kulia kwangu aliketi mama mmoja auzaye chai na nduma. Kushoto walisimama vijana wawili waliojaza ndoo zao maua ya waridi mekundu, kila moja limevishwa karatasi ya nailoni na kufungwa utepe. Waridi ambalo juma moja kabla ya hapo liliuzwa kwa shilingi 50, siku hiyo lilikuwa limepanda hadi shilingi 200. Nilipouliza sababu, mmoja wa vijana wale alinijibu kwa bashasha: “Mzee, leo si siku ya kuuliza bei. Leo ni siku ya kupenda.”

Jawabu hilo lilinichekesha, nami nikapanda gari nikaenda zangu. Sikujua kwamba lingenirudia mara mbili kabla ya jua kutua.

Mara ya kwanza ilikuwa saa nane mchana. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye adabu na bidii, alibisha mlango wa ofisi yangu. “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia. Alikuwa ameshika barua aliyotaka niitie saini ili aruhusiwe kufanya mtihani ilhali hajamaliza kulipa karo. Nilimwuliza kulikoni, kwa maana nilikumbuka vyema kwamba mwezi uliotangulia alinieleza jinsi babake alivyouza mbuzi wawili katika soko la Kajiado ili apate salio hilo. Kijana aliinamisha kichwa. Fedha zile, alisema, zilikuwa zimekwenda kwa shada la maua, keki na chakula cha jioni. “Ningemwendea mikono mitupu, Mwalimu, angehesabu kwamba simpendi. Wenzake wote bwenini walipelekewa.”

Mimi ni mwalimu wa isimu, na mwalimu wa isimu ana ugonjwa wake: hata anapoelezwa shida, masikio yake huyaendea maneno. Kijana hakusema, “Nilitaka kumwambia jambo fulani.” Alisema, “Angehesabu.” Nikamwuliza ni maneno gani aliyoyaandika katika kadi iliyofuatana na shada hilo. Alinitazama kana kwamba swali lilikuwa la ajabu. “Kadi ilikuwa imekwisha kuandikwa, Mwalimu. Niliinunua hivyo hivyo.”

Mara ya pili ilikuwa jioni, niliporejea Kitengela. Katika ploti tunayoishi yupo jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, ambaye hufanya kazi katika ghala la kufungashia maua la shamba mojawapo kusini mwa mji. Kazi yake ni kuyapanga mawaridi kwa urefu wa vikonyo vyake, kuondoa majani yaliyochubuka, kuyafunga kwa vitita na kuyapeleka katika chumba cha baridi. Kuanzia katikati ya Januari hatukuwa tukimwona ila usiku. Jioni hiyo alikuwa ameketi mlangoni pake, miguu ameinyosha, akizitazama nyua za majirani kama mtu aliyerudi kutoka safari. Nilimpa pole ya kazi, kisha nikamwuliza kwa mzaha kama naye alikuwa ameletewa ua. Alicheka hata machozi yakamlengalenga. “Mwalimu,” alisema, “tangu mwaka uanze nimeshika mawaridi mengi kuliko wali niliokula. Hakuna hata moja lililokuwa langu.”

Nimeyasimulia hayo, mpenzi msomaji, kwa sababu kila mwaka ifikapo Februari, na tena ifikapo Mei katika siku ya akina mama, mjadala hurejea magazetini, madarasani na katika vyumba vya walimu, nao hurejea katika njia ile ile. Kambi ya kwanza husema kwamba kupeana maua ni mapokeo ya Wazungu, kwamba Mwafrika humpenda mkewe kwa kumlimia shamba na kumchinjia mbuzi, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kambi ya pili husema kwamba dunia imekuwa kijiji, na vijana waachwe wafurahie ujana wao. Binafsi nathubutu kusema kwamba kambi zote mbili zimekosea shabaha. Swali linalotupasa si kama ua ni letu au ni la wageni. Swali ni hili: anayelitoa ana neno gani la kusema?

Tuanze na kambi ya kwanza. Lugha ni ghala la mambo ambayo watu wake wamewahi kuyathamini, na mwenye kutaka kujua kama Waswahili walijua kupeana maua na afungue ghala hilo. Atakuta waridi na marashi yake, asumini, afu, kilua, mkadi, rehani na langilangi. Atakuta kikuba, yaani kile kifungu kidogo cha maua na majani yanukiayo ambacho mwanamke hujipamba nacho. Atakuta koja, maua yaliyotungwa kwa uzi yakawa kama mkufu. Atakuta shada. Je, watu wasiojali maua wangehitaji majina yote hayo? La hasha.

Tena ushahidi si wa msamiati pekee. Mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu na Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi wa wasia. Miongoni mwa mengi anayomfunza kuhusu maisha ya ndoa, anamwelekeza atunge asumini na kuyatia kitandani. Zingatia mwaka huo. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa haijaota hata ndotoni, na Kitengela ilikuwa mbuga ya malisho. Hakuna mfanyabiashara wa kadi aliyemfunza mama yule kwamba penzi lina harufu.

Yamkini msomaji wa bara atasema kwamba Lamu ni Lamu na Kajiado ni Kajiado. Kweli. Lakini hata katika nchi hii ya Wamaasai mmea haukuwa bubu. Mmaasai anayeinua konzi ya majani mabichi mkononi huomba amani, na aliye mbele yake anajua kwamba ameombwa. Majani ndiyo chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ndio uhai wa watu. Hivyo basi anayekunyoshea majani anakunyoshea kitu kilicho cha thamani kuliko vyote katika maisha yake. Wala vijana wa moran hawakungoja marashi ya dukani, kwani walijua tangu zamani kuyatia makwapani majani ya leleshwa ili wanukie. Mtu asituambie kwamba katika nchi hii hapakuwa na lugha ya majani na maua. Ilikuwako, na ilisemwa kwa ufasaha.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa kati ya lugha hiyo ya zamani na ile ninayoiona katika ndoo za vijana wa Kitengela. Asumini la Lamu lilichumwa karibu na nyumba, likatungwa kwa vidole vya mwenye nyumba, likanusiwa na mtu mmoja au wawili, na kesho yake likawa limenyauka. Halikuhitaji shahidi. Waridi la siku hizi mara nyingi halina hata harufu, kwa sababu aina nyingi zinazokuzwa kwa biashara zimechaguliwa kwa sifa nyingine: urefu wa kikonyo, rangi, na uwezo wa kustahimili safari ndefu na kukaa siku nyingi katika chombo cha maji. Ni ua la kutazamwa na kupigwa picha. Nalo hupelekwa bwenini si kwa ajili ya anayelipokea tu, bali pia kwa ajili ya wale wanaochungulia dirishani kuona nani kapelekewa na nani kasahauliwa.

Hapo ndipo ninapowageukia ndugu zangu wa kambi ya pili, wale wasemao kwamba ni furaha tu. Furaha ni njema, wala sina ugomvi nayo. Lakini tuzitazame siku zenyewe zilikotoka. Tarehe 14 Februari ilikuwa kumbukumbu ya mtakatifu wa Kanisa, na miongoni mwa wa kwanza kuihusisha na mapenzi ni mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer katika karne ya 14, aliyeisimulia kuwa siku ambayo ndege huchaguana. Yakapita mamia ya miaka. Mwaka 1840 Uingereza ilipoanzisha posta ya bei nafuu, kadi za siku hiyo zikawa biashara kubwa, na kwa wale wasiojua kutunga zikatungwa tayari. Mwanafunzi wangu hajui kwamba ununuzi wake wa kadi iliyokwisha kuandikwa una historia ya karibu miaka 200.

Kisa cha siku ya akina mama ndicho kinachonigusa zaidi. Mwezi Mei mwaka 1908, mwanamke wa Kimarekani aliyeitwa Anna Jarvis alipeleka maua meupe 500 aina ya kanesheni katika kanisa moja la mji wa Grafton, jimbo la West Virginia, kwa kumkumbuka mamaye aliyekuwa amefariki na ambaye aliyapenda maua hayo. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza Jumapili ya pili ya Mei kuwa siku ya akina mama nchini Marekani. Kwa mtazamo wa nje, Anna Jarvis alishinda. Kumbe mwenyewe alikuja kujiona ameshindwa. Alipoona wauza maua wakipandisha bei na wauza kadi wakiwaandikia watu maneno ya kuwaambia mama zao, alikasirika. Akatumia miaka mingi ya maisha yake kuipiga vita siku ile ile aliyoianzisha. Alifariki mwaka 1948, mpweke na mwenye uchungu. Alichokipinga hakikuwa ua. Alipinga mtoto kununua maneno ya mtu mwingine ili asilazimike kutafuta yake.

Katika isimu tunayo nadharia inayofaa hapa. Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962, alituonyesha kwamba mara nyingi tunaposema tunatenda. Asemaye “nakuahidi” hasimulii ahadi, bali anaitoa. Asemaye “niwie radhi” hasimulii toba, anatubu. Lakini matendo hayo yana masharti. Ahadi ya mtu asiyekusudia kuitimiza ni ahadi yenye kasoro, hata kama kila neno lilitamkwa sawasawa. Nami nasema kwamba ua ni tendo la namna hiyo hiyo. Anayelitoa anaahidi, au anashukuru, au anatubu, au anaaga. Kama hafanyi lolote kati ya hayo, basi ametoa mmea uliokatwa.

Ndiyo maana siku zilizopangwa katika kalenda zina hatari yake. Mtu anaponiletea ua siku isiyo na jina, lazima nijiulize kwa nini kaniletea, na jawabu liko kwake. Anaponiletea tarehe 14 Februari, sababu nimekwisha kuijua: ni tarehe 14 Februari. Siku imesema kwa niaba yake. Tena asipoleta, siku hiyo hiyo husema kwa niaba yake kwamba hanipendi, hata kama jana aliuguza homa yangu usiku kucha. Kijana wangu aliogopa hukumu hiyo, akauza mtihani wake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tumekigeuza kipawa cha moyo kuwa kodi, na kodi hulipwa kwa hofu.

Simaanishi, hata kidogo, kwamba maua yasinunuliwe. Ningekuwa mkazi wa ajabu wa Kitengela kama ningesema hivyo. Ukisafiri kutoka hapa kwenda Isinya utayaona mashamba yenyewe: vivungulio vya plastiki vyeupe vilivyotandazwa katika tambarare iliyokuwa ya ng'ombe na wanyama wa porini. Ikweta iko karibu, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, na nyanda hizi za juu zina usiku wa baridi kiasi, hali ambazo waridi hupenda. Biashara hii ilianza nchini kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza maua nje. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza zaidi ya shilingi bilioni 100. Karo nyingi katika kaunti hii zinalipwa na waridi.

Kalenda ya mapenzi ya Ulaya, kwa hiyo, ndiyo kalenda ya kazi ya jirani yangu. Februari huja siku ya wapendanao. Tarehe 8 Machi huja siku ya wanawake, ambayo nchini Italia tangu mwaka 1946 imekuwa na ua lake maalumu, mimosa ya manjano, na ambayo katika Urusi haipiti bila shada. Waingereza huwakumbuka mama zao katika Kwaresima, mataifa mengine mengi huwakumbuka Mei. Kila siku mojawapo inapokaribia, taa za maghala huwaka mpaka usiku. Waridi lililochumwa asubuhi hupozwa, hupelekwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kabla ya siku nyingi kupita laweza kuwa limefika Aalsmeer nchini Uholanzi. Huko huuzwa kwa mnada wa ajabu ambao bei huanzia juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi.

Na mnyororo huo ukikatika huko, maumivu husikika huku. Machi mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya, maua ya Kenya yalitupwa kwa marundo na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudishwa makwao. Kwa hiyo yule asemaye kwamba ua ni upuuzi wa wageni hajui anachokisema. Upuuzi huo ndio unga wa nyumba nyingi za hapa. Linalonisikitisha ni kwamba sisi tunaolikuza ua kwa ustadi mkubwa hivi tumeyaacha maneno yake yatungwe na wengine. Tunauza mawaridi, kisha tunanunua kadi.

Sasa niseme neno zito zaidi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupenda mfano mmoja ninaoutumia kufundisha maneno yenye umbo moja na maana tofauti. Kuna ua, wingi wake maua. Kuna ua, wingi wake nyua, yaani uwanja wa nyumba uliozungushiwa wigo. Na kuna kitenzi ua, yaani kutoa uhai. Kwa miaka mingi mfano huo ulikuwa wa kuchekesha darasani. Haunichekeshi tena.

Tarehe 27 Januari mwaka 2024 maelfu ya Wakenya, wanawake kwa wanaume, waliandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Siku 18 baadaye, tarehe 14 Februari, wanawake walikusanyika tena jijini Nairobi, wamevaa nguo nyeusi, wakiwa na mishumaa na mawaridi mekundu, kuwaomboleza waliouawa. Waliiita Valentine ya giza. Wengi wa wanawake wanaouawa, hapa kwetu na kwingineko duniani, huuawa na wapenzi wao au watu wa jamaa zao. Ni wanaume ambao, bila shaka, baadhi yao waliwahi kuleta ua. Pale maana zote tatu za neno letu zilikutana: ua lililotolewa, ua wa nyumba ambamo mtu alidhani yu salama, na mkono ulioua.

Nilipoiona picha ya wanawake wale nilitambua kwamba walikuwa wamelifanya ua liseme tena. Tarehe ilikuwa ile ile, rangi ilikuwa ile ile, na pengine waridi lenyewe lilichumwa Kajiado. Lakini wao hawakununua maneno yaliyokwisha kuandikwa. Walilishika ua lile lile linalotumika kufunika makosa, wakalitumia kuyafunua. Walituambia kwamba ua haliwezi kuwa malipo ya kofi. Aliyempiga mtu Jumatatu akamletea waridi Ijumaa hajatubu, amenunua kimya. Nawaomba walimu wa shule za upili walisome jambo hili na wanafunzi wao pamoja na mashairi ya mapenzi, kwani msichana anayefunzwa kuhesabu mashada bila kufunzwa kupima maneno na matendo anaachwa bila ngao. Na mvulana anayefunzwa kwamba ua linanunua mapenzi siku moja atadai alichokinunua.

Msomaji anaweza kudhani kwamba nayasema haya kutoka juu ya mimbari, kama mtu ambaye hakuwahi kukosea. Laiti ingekuwa hivyo. Mama yangu aliishi Kajiado mjini. Alipenda maua, naye hakuwahi kununuliwa hata moja. Aliyapanda katika mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, akaipanga mikebe hiyo kando ya ukuta wa ua wake. Miaka ya ukame, maji yalipouzwa kwa mtungi, aliyanywesha maji aliyooshea mboga. Nilimkuta mara nyingi ameinama juu ya mikebe hiyo, nami nikampita nikiwa na haraka ya shahada, ya vitabu, ya mikutano ya idara. Nilimpelekea fedha kila mwezi. Nilimpigia simu katika siku ya akina mama, kama watoto wengine, nikamtakia heri kwa maneno niliyoyasikia redioni.

Maua ya kwanza niliyomnunulia mama yangu yalikuwa shada la kuweka juu ya kaburi lake. Lilikuwa kubwa, la mawaridi meupe, na watu walilisifu. Nilipoliweka chini nilitaka kusema jambo. Mimi niliyeandika tasnifu nzima juu ya maana, sikuwa na neno. Sikunyamaza kwa sababu ya huzuni peke yake. Nilinyamaza kwa sababu maneno hayo yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa akisikia tena.

Basi nimalizie kwa ushauri, na kwanza niuelekeze kwa wanafunzi. Kama unampenda mtu, mwambie kwa lugha unayoijua, kabla hujaingia dukani. Ukisha kusema, na kama unazo shilingi 50 ambazo si za karo, mnunulie ua siku yoyote ya mwaka, Jumanne ya mwezi Julai ikikupendeza, wakati bei iko chini na hakuna anayechungulia dirishani. Ukikosa shilingi 50, chuma kijani kilicho karibu. Wazee wa nchi hii waliombana amani kwa konzi ya majani. Na wewe unayepokea, usihesabu. Uliza umeambiwa nini.

Kwenu walimu wenzangu, insha ya Februari isiwe tena ile ya “Siku ya Wapendanao: Faida na Hasara”. Wape wanafunzi ukurasa mmoja mweupe, wamwandikie barua mtu mmoja aliye hai, kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kunakili. Wengi wataona kwamba ni kazi ngumu kuliko uchanganuzi wa sentensi. Hapo ndipo somo litakapoanza.

Yule kijana nilimtilia saini barua yake, kisha nikampa sharti moja: ampigie simu babake amweleze ukweli kuhusu mbuzi wale wawili. Alitetemeka, lakini alipiga, nikiwa nimetoka nje ya ofisi ili nisisikie. Aliporudi kunirejeshea kalamu alisema kwamba babake alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamwuliza, “Na huyo binti, ulimwambia nini?” Kijana hakuwa na jibu.

Jumamosi iliyofuata nilinunua waridi moja kutoka kwa wale vijana wa kituoni. Bei ilikuwa imerudi kuwa shilingi 50. Mimi na mke wangu tulilipeleka mlangoni kwa jirani yetu, naye mke wangu akamwambia, “Hili ni lako. Asante kwa kutuangalizia watoto mwaka jana nilipolazwa.” Alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza, akakitazama kikonyo chake kwa jicho la kazi, akatuambia bila kusita kwamba lilikuwa limekatwa fupi na halingefaa kwa soko la nje. Kisha akaingia ndani kutafuta gilasi ya kulitia maji.